Roho ikipiga mbio bila sababu



Leo hatuongei makuta, tunaongea woga. Kwenye likelemba yetu tulimuhukumu mama mmoja kwa sababu aliacha kufika. Tukasema anakimbia deni. Kumbe kila alipopanda moto kwenda soko ya Virunga, roho ilipiga mbio, mikono ikatetemeka, pumzi ikakatika, akaona anakufa pale pale. Mwishowe hakutoka tena kwenye parsele. Wengine wetu tulisema amelogwa! Tumemuomba pole nyumbani kwake, tunamuomba tena hapa mbele yenu.

Ile ni ugonjwa, na waganga wanaujua: hofu ya ghafula. Mwili unapiga kengele ya hatari wakati hatari haipo. Na sisi wa Goma tushangae nini? Tulikimbia volkano usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, udongo ukatikisika siku nyingi nyuma yake. Tukakimbia masasi. Tukalala chini ya shitingi Bulengo na Mugunga mpaka kambi zikabomolewa mwezi wa 2, 2025. Leo upepo ukipiga mlango, mwili unakumbuka mbele ya kichwa. Lakini tusidanganyane, kuna watu inawapata bila kuona vita hata siku moja.

Ikifika inapanda haraka, mara nyingi dakika kumi hivi, kisha inashuka yenyewe. Haiui. Ikaa, vuta pumzi polepole kwa pua, itoe kwa kinywa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Aliye karibu asipige makelele wala asimwage maji. Akae tu naye. Kasiksi inatuliza jioni, asubuhi inaongeza.

Mara ya kwanza, muone muganga: ugonjwa wa moyo ao damu kupunguka vinaweza kufanana nayo. Kwa mambo ya kichwa na roho, Tulizo Letu iko hapa hapa mjini.

Kibaya zaidi ni kukwepa. Unakwepa moto, kisha soko, kisha mlango wako mwenyewe. Yule mama alianza na jirani yake, kwa miguu, mpaka kwenye kona ya barabara tu. Kesho yake mbele kidogo. Juma iliyopita alifika Virunga na muzigo wa sombe. Zamu yake ya likelemba ni mwezi ujao.

Wafadhili, tunachowaomba ni nauli ya watu wawili, mgonjwa na wa kumusindikiza.