Plastiki katika Kondo la Nyuma: Tuwaambie Nini Wajawazito?

Mwaka 2021 watafiti wa Italia wakiongozwa na Antonio Ragusa walichapisha taarifa kwamba wamekuta chembechembe za plastiki ndani ya kondo la nyuma la binadamu. Walikuwa wamechunguza makondo 6 ya wanawake waliojifungua mjini Roma. Katika makondo 4 walipata vipande 12: 5 upande wa mtoto, 4 upande wa mama na 3 kwenye utando wa chupa ya uzazi. Vipande hivyo vilikuwa vidogo mno, karibu sawa na chembe nyekundu ya damu. Leo hilo si jambo geni tena. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, kilikuta plastiki katika makondo yote 62 kiliyopima, kwa wastani wa mikrogramu 126.8 kwa kila gramu ya tishu, na zaidi ya nusu yake ni polietilini, ile ile ya mifuko na vifungashio. Watafiti wa Hawaii walipopima makondo yaliyokuwa yamehifadhiwa, 10 kwa kila mwaka waliouchagua, walikuta plastiki katika 6 ya mwaka 2006, 9 ya mwaka 2013 na yote 10 ya mwaka 2021.

Pingamizi la kwanza ni kwamba huenda plastiki hiyo imetoka chumba cha kuzalishia chenyewe, maana glovu, mirija na vyombo vya sampuli vyote ni plastiki. Ni pingamizi la haki, na kwa sababu hiyo watafiti wa Roma walivaa glovu za pamba na kuondoa plastiki katika kila hatua ya kazi. Kwa kipimo cha New Mexico ambacho huunguza sampuli kuna shaka nyingine: mafuta ya mwilini yanaweza kutoa alama zinazofanana na za polietilini. Hivyo kiasi halisi bado kinabishaniwa. Kuwepo kwa plastiki kwenyewe ni vigumu zaidi kukukanusha, kwani maabara tofauti zimeiona kwa njia tofauti, na tangu mwaka 2010 Peter Wick na wenzake walikwisha kuonyesha, kwa kondo lililowekwa hai maabara, kwamba vishanga vya polistirini vyenye upana wa hadi nanomita 240 huvuka kutoka upande wa mama kwenda wa mtoto.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kukuta kitu si kuthibitisha madhara. Panya wenye mimba walioingiziwa chembe za nanoplastiki mapafuni walikuwa na vijusi vyenye uzito pungufu kwa takriban asilimia 7, na chembe hizo zikaonekana katika ini, moyo na ubongo wa vijusi. Lakini panya si binadamu, na dozi ya maabara si ya jikoni. Kwa binadamu, watafiti wa Houston waliwasilisha Januari 2025 vipimo vya makondo 175: ya watoto njiti yalikuwa na wastani wa mikrogramu 203 kwa gramu, na ya waliotimiza miezi yao, wastani wa 130. Linaloshangaza ni kwamba kondo la njiti limekaa muda mfupi zaidi, nalo ndilo lenye plastiki nyingi. Hata hivyo, umaskini, moshi na lishe duni vinaweza kuleta vyote viwili, plastiki na uchungu wa mapema.

Hoja yangu, basi, ni hii: ushahidi unatosha kutufanya tuchukue hatua, hautoshi kumtia mjamzito hofu. Ushauri wa kliniki uwe ule utakaobaki kuwa mzuri hata plastiki ikija kuonekana haina hatia. Kutowashia jiko la mkaa kwa kipande cha mfuko kunatimiza sharti hilo, kwa sababu moshi wa jikoni unajulikana kupunguza uzito wa mtoto. Hali kadhalika kutofunikia wali kwa nailoni chini ya mfuniko, na kutobeba uji wa moto kwenye mfuko laini: joto huharakisha plastiki kumeguka na kuachia kemikali zake, na sufuria yenye mfuniko wake haigharimu kitu. Maji ya chupa ni kinyume chake. Ni kweli yana chembe nyingi, lakini mahali ambapo bomba halina maji salama, kumkataza mjamzito maji hayo ni kumsogeza karibu na kipindupindu na homa ya ini aina ya E, ambayo huua wajawazito kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine wanaoipata. Nao samaki? Mwaka 2016 plastiki iliripotiwa katika matumbo ya takriban moja ya tano ya sangara na sato waliochunguzwa kutoka soko la Mwanza. Sangara huliwa akiwa ameshatolewa matumbo. Dagaa huliwa mzima, lakini ndiye mwenye kalsiamu na protini nafuu kuliko wote, nami nisingethubutu kumwondoa kwenye sahani ya mjamzito.

Watasema huku ni kumtwika mama mzigo wa viwanda. Ni kweli, na ndiyo maana orodha ya kliniki iwe fupi, na shinikizo kubwa lielekezwe kwenye vifungashio vya vyakula vya moto, ambavyo havikuguswa sana na makatazo ya mifuko ya kubebea, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Kuhusu utafiti, kilichowezesha kazi ya Hawaii ni makondo yaliyotunzwa kabla ya yeyote kujua yatauliziwa nini. Hospitali zetu za rufaa zinaweza kuanza hivyo hivyo kwa gharama ndogo: kipande cha kondo, kwa ridhaa ya mama, kikatwe kwa kisu cha chuma, kifungwe kwa karatasi ya alumini na kugandishwa ndani ya chombo cha kioo.