Kinga ya Mwili na Ugonjwa wa Mbalanga
Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Kata ya Mkuyuni, Mwanza



Mada yangu ni mbalanga, ambayo watu wa pwani huiita barasi. Nimeichagua kwa sababu huku kwetu Kanda ya Ziwa inachanganywa na ualbino na ukoma, na kuchanganya huko kunaumiza watu. Katika kanda ambako wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, mtoto mwenye mabaka meupe ya mbalanga kuitwa jina lisilo lake si jambo dogo.

Mwenye ualbino huzaliwa hivyo. Seli za rangi anazo, ila vinasaba alivyorithi kwa baba na mama havitoshelezi utengenezaji wa melanini. Kinga haihusiki. Mwenye mbalanga alikuwa na rangi yake kamili, kisha seli hizo zikauawa, na aliyeziua ni kinga ya mwili wake mwenyewe.

Inakuwaje? Wengi wetu tulizijua seli za kinga ziitwazo CD4 kupitia elimu ya UKIMWI. Ndugu zao, CD8, kazi yao ni kuua seli zilizovamiwa na virusi. Kwenye mbalanga huzishambulia seli za rangi ambazo hazina kosa. Humwaga ishara iitwayo interferoni gama, na seli za ngozi zilizo jirani zikiipata ishara hiyo huita CD8 nyingine. Ndivyo baka linavyotanuka. Vita vikipoa, baadhi ya CD8 hubaki palepale ngozini. Kwa hiyo baka lililopona likirudi mahali lilipokuwa, mgonjwa hajarogwa upya.

Mizizi ya nywele ni ghala la seli za rangi. Tiba ikishika, rangi huanza kurudi kwa vidoa vidogo kuzunguka vinyweleo. Viganja na ncha za vidole, visivyo na nywele, hupona kwa shida sana. Mwambieni mgonjwa hili mapema, asikate tamaa.

Tiba ipo: krimu za steroidi, takrolimasi, mwanga maalumu wa UVB. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu, inayozuia ishara ya interferoni, lakini bei yake iko mbali na mifuko yetu. Mkorogo usiguswe kabisa. Mabaka hayana melanini ya kuyakinga, hivyo kofia na mikono mirefu ni lazima, hasa kwa wavuvi wanaoshinda juani ziwani. Muulizeni mgonjwa pia kuhusu uvimbe wa shingo, uchovu na kisukari, kwani kinga iliyokosea kwenye ngozi huweza kukosea kwenye tezi ya shingo au kongosho.

Ukoma ni habari nyingine. Hausababishwi na kinga kujigeuka bali na bakteria, na baka lake hupauka bila kuwa jeupe pe, tena mara nyingi hufa ganzi. La mbalanga huhisi kama kawaida.

Nawaomba basi: mkimkuta mtu mwenye baka, mwambieni afumbe macho, mliguse kwa pamba. Asipoisikia, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa ya ukoma hutolewa bure.