Ufunguo wa Faili la Mgonjwa Uko kwa Nani?

(Hotuba niliyoisoma kwenye mkutano wa Watanzania na Wakenya hapa Bladensburg, Maryland. Naiweka hapa nzima kwa sababu waliokosa kufika wameniomba.)

  

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie kampuni za programu za kompyuta, na najua baadhi yenu mmeshangaa. Vijana wa kompyuta wamejaa humu ukumbini, wengine wana beji za kampuni hizo hizo shingoni, halafu anasimamishwa nesi. Nilimuuliza mwenyekiti akanijibu, "Dada, wao wanazitengeneza, wewe ndiye unayekesha nazo." Nikaona ana hoja.

Hoja yangu nitaisema mapema, ili anayewahi pilau huko nyuma aondoke nayo. Tukibishana kuhusu programu za kulipia na programu huria, huwa tunabishana kuhusu bei. Mimi nasema bei si swali la kwanza. Swali la kwanza ni nani ameshika ufunguo. Nani anaweza kuifungua programu na kuitengeneza ikiharibika? Nani anaweza kuzihamisha kumbukumbu za wagonjwa akichoshwa na muuzaji? Nchi ikisaini mkataba bila kuwa na jibu, imeweka rehani maradhi ya watu wake.

Kwa wazee ambao mambo haya ni mageni: programu ya kulipia ni kama chapati ya kununua hotelini. Unakula, unalipa, jikoni huingii. Programu huria unapewa chapati, unga, na maelezo ya kukanda. Ukiona chumvi imezidi unapunguza, na jirani unampa naye apike. Hapa Kiswahili kimewazidi wenyeji wetu. Wao wana neno moja kwa vitu viwili, ndiyo maana wanapoteza nusu saa kuelezana. Sisi tuna "bure" na tuna "huria", na kila mtoto anajua si kitu kimoja. Kuna vya bure ambavyo ni mtego, na kuna huria inayokula fedha nyingi kuitunza.

Sasa niwaambie ninachokiona kazini. Hospitali siitaji. Usiku mmoja mfumo ulizimika, tukatoa karatasi kabatini, tukaandika presha na dawa kwa mkono mpaka alfajiri. Kuzimika hakukuniuma sana, kila mashine huzimika. Kilichoniuma ni kumwona kijana wetu wa kompyuta wa zamu, hodari kweli kweli, amekaa na simu sikioni akiisubiri kampuni, kwa sababu hakuruhusiwa kuugusa mfumo wenyewe. Jengo letu, wagonjwa wetu, ufunguo uko jimbo jingine.

Wodi hiyo hiyo tuliwahi kumpokea bibi mmoja wa kwetu aliyekuja kusalimia wajukuu. Skrini yetu haikuwa na habari zake hata mstari mmoja. Bibi akafungua mkoba, akatoa daftari lake la kliniki, lile la jalada gumu, kila dawa na tarehe yake. Daktari alilisoma nikimtafsiria. Daftari lile halikuhitaji ruhusa ya muuzaji yeyote.

Lakini msije mkaandika kwamba nesi anachukia makampuni. Skrini nyingi za kulipia ni nzuri, na zimetuokoa. Onyo la dawa mbili zinazogombana linatokea kabla sijafungua kichupa. Hapa Maryland na D.C. tuna mtandao unaoitwa CRISP, hivyo mtu aliyetibiwa Baltimore wiki iliyopita akianguka huku naweza kuona alifanyiwa nini. Ila tujiulize, makampuni na mahospitali yaliachia kumbukumbu kwa hiari? Serikali ya Marekani ilianza kumwaga mabilioni baada ya sheria ya mwaka 2009 ili hospitali zinunue mifumo. Zikanunua. Ndipo ikaonekana kwamba mifumo haisemezani, na mwenye soko hana haraka ya kumfungulia mlango mteja anayetaka kuondoka. Ikabidi Bunge lipitishe sheria nyingine mwaka 2016, Cures Act, kukataza watu kuzuia taarifa za mgonjwa, na kanuni zake zikaanza kutumika Aprili 2021. Miaka kumi na mbili, katika nchi yenye fedha na mawakili kama hii. Wanaosema soko litajirekebisha lenyewe wanieleze. Mteja asiyeweza kuhama hana soko, ana mwenye nyumba.

Mfano wa pili uko hapo Washington, hospitali ya wanajeshi wastaafu. Mfumo wao unaitwa VistA. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970, ukatengenezwa na madaktari na watengeneza programu wa idara yenyewe wakikaa wodini. Kwa kuwa ulilipiwa na kodi, msimbo wake ni mali ya umma. Jordan iliuchukua ikautumia kwenye hospitali zake. Lakini ulizeeka. Lugha yake ya kompyuta ni ya zamani na vijana hawaifundishwi. Mwaka 2018 serikali ikasaini na kampuni ya Cerner mkataba wa kama dola bilioni 10 ili kuubadilisha. Mfumo mpya ulianza Spokane, jimbo la Washington kule magharibi, Oktoba 2020. Julai 2022 mkaguzi wa idara akatoa ripoti: maagizo ya madaktari yalikuwa yakiangukia kwenye foleni ambayo wahudumu hawakujua ipo, na wagonjwa 149 walidhurika. Mwaka huo huo Oracle ikainunua Cerner kwa dola zaidi ya bilioni 28. Aprili 2023 kazi ya kuusambaza ikasimamishwa, hospitali tano tu zikiwa zimeunganishwa.

Mimi sisemi VistA ilikuwa malaika. Nasema walioijua walikuwa ndani ya nyumba, na waliyoagiza kutoka nje ilibadilisha mwenyewe kabla haijamaliza hata kuingia mlangoni.

Tuje nyumbani. Na hapa naomba Wakenya wanisikilize bila kukunja uso, maana nitawasifu kwanza.

Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Mfumo ukawazidi, hasa wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka. Mwaka 2004 ikazaliwa programu huria ya OpenMRS, na Februari 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Rwanda ikaichukua, Uganda ikaichukua, na KenyaEMR imejengwa juu yake. Yaani mfumo unaotumika leo nchi nyingi duniani ulipimwa kwanza na manesi wa Eldoret. Hili sijasikia likitajwa kwenye sherehe yoyote ya ubalozi.

Na Tanzania tusijione wanyonge. Takwimu za vituo vya afya, zile zinazotoka kwenye vitabu vya MTUHA, zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria yenye mizizi Afrika Kusini ya baada ya 1994 na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio walioifanyia kazi kubwa kwetu. Chuo hicho hicho mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ikatangaza mpango wake wa Kiswahili. Naomba mikono: nani humu amewahi kuifungua Jambo OpenOffice? Mmoja. Wawili. Haya. Ushindani ulitusaidia kuheshimiwa, lakini kuheshimiwa hakutoshi kama hatutumii cha kwetu.

Sasa uchungu. Tarehe 1 Oktoba 2024 Kenya ilitoka NHIF ikaingia SHA. Kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Mfumo wa kompyuta wa kuendesha mambo hayo ulipewa muungano wa kampuni ukiongozwa na Safaricom, kwa shilingi za Kenya bilioni 104.8. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ikasema ununuzi haukufuata utaratibu wa ushindani, na kwamba mfumo wenyewe si mali ya serikali.

Rudieni sentensi hiyo vichwani. Nchi iliyoipa dunia OpenMRS imeingia mkataba wa bilioni 104.8 na haimiliki kilichojengwa. Watetezi wanasema serikali haikutoa fedha mwanzoni, kampuni zimewekeza zenyewe na zitalipwa kidogo kidogo kadiri huduma inavyotumika. Sawa. Hiyo ndiyo lugha ya kila mpangishaji. Siku mkitofautiana na mpangishaji, vyombo vya nani vitabaki ndani? Humo kuna majina ya watu, ujauzito, kifua kikuu, magonjwa ya akili.

Kaka zangu wa programu huria, nanyi mna lenu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, watu wengi waliokuwa wakitunza data na mifumo kwenye miradi ya UKIMWI walirudishwa nyumbani kwa siku chache. Msimbo ulibaki pale pale, huria kabisa. Aliyejua kuutengeneza hakuwa na mshahara. Kwa hiyo mkienda nyumbani kuuza hoja kwamba huria haina gharama, mnafanya usanii kama wauzaji wengine. Ufunguo unataka mkono wa kuushika, na mkono huo uwe kwenye bajeti ya wizara, si kwenye mradi wa mfadhili wa miaka mitano.

Kwa nini nayasema haya kwa Watanzania leo? Kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na bima ya watu wote haiendeshwi kwa daftari. Tuna GoTHOMIS, mfumo wa hospitali ambao serikali yenyewe kupitia TAMISEMI iliutengeneza. Una kasoro zake, lakini ni wetu. Zitakuja kampuni na slaidi nzuri na chakula cha mchana. Zije, zishindane. Ila mkataba usomwe kabla ya kusainiwa. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2007, hoja ya mkataba wa Buzwagi uliosainiwa London, na Zitto Kabwe akasimamishwa bungeni. Tuliandika kurasa ngapi kuhusu dhahabu? Kumbukumbu za wagonjwa milioni sitini nazo ni mgodi, na mgodi huu hauishi.

Rasimu ya barua kwa wabunge iko mezani, karibu na chupa za chai. Inauliza mambo matatu: msimbo ni mali ya nani, kumbukumbu zinalala kwenye kompyuta za nani na nchi gani, na siku mkataba ukiisha tunaondoka na nini. Wanasheria waliomo humu waipitie, Kiswahili changu cha kisheria ni cha wodini. Vijana wa kompyuta wenye jioni mbili kwa mwezi waandike majina karatasi ya pili, kuna kazi ya kutafsiri maelezo ya OpenMRS inayongoja watu.

Mwenyekiti, nimebakiza dakika mbili. Nachukua maswali, nikianza na yule kaka wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Safaricom.