Kilichoyeyuka na Kilichoganda: Kuchora Ramani za Barafu ya Bahari, na Funzo Lake kwa Msitu wa Yangambi

Mhadhara wa umma, Yangambi, Mkoa wa Tshopo



Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina eneo la kilometa za mraba 2,345,000. Greenland, kisiwa kile kikubwa cha barafu kule kaskazini, kina takriban 2,166,000. Kongo ni kubwa kuliko Greenland. Lakini itazameni ramani inayotundikwa kwenye kuta za shule nyingi: Greenland imetanuka hadi kukaribia Afrika nzima, ilhali Afrika inaizidi mara kumi na nne hivi. Gerardus Mercator aliichora ramani hiyo mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili njia ya dira ibaki mstari ulionyooka, na kwa kazi hiyo ilifaa sana. Kosa ni la aliyeitoa melini akaipeleka darasani kufundishia ukubwa wa nchi. Kila ramani ina maamuzi ndani yake, na aliyeyafanya mara nyingi hayuko chumbani wakati sisi tunaisoma.

Leo nataka kuyafungua maamuzi hayo kwa kutumia ramani za barafu ya bahari ya ncha mbili za dunia: zile zinazoonyesha wapi barafu inayeyuka na wapi inazaliwa. Najua tupo chini ya kilometa 100 kutoka ikweta. Nimeichagua barafu kwa sababu wanaoichora wamepambana kwa miongo mingi na swali ambalo na sisi tunalo mlangoni, nalo ni hili: kitu kinachopungua na kuongezeka kwa wakati mmoja kichorweje?

Kila majira ya baridi, giza linapoifunika Ncha ya Kaskazini, uso wa Bahari ya Aktiki huganda. Kufika Machi barafu huwa imeenea kilometa za mraba zinazokaribia milioni 15, yaani zaidi ya Kongo sita. Jua likirudi huyeyuka, na Septemba hubaki kidogo kuliko miezi yote. Katika kipindi cha 1981 hadi 2010 kiwango hicho cha chini kilikuwa, kwa wastani, zaidi kidogo ya milioni 6. Septemba 2012 kilishuka hadi milioni 3.41. Eneo lililokosekana mwaka ule, likilinganishwa na wastani, lilikuwa kubwa kuliko nchi yetu yote. Kusini, kuzunguka bara la Antaktika, mambo yalikwenda kwa namna nyingine: mwaka 2014 barafu ilivuka milioni 20, halafu Februari 2023 ikashuka hadi milioni 1.79.

Sasa angalieni hesabu. Kaskazini, eneo linaloganda na kuyeyuka kila mwaka ni karibu milioni 10. Kupungua kwa barafu ya Septemba tangu 1979, tukikugawa kwa miaka, hakufiki laki moja kwa mwaka. Kwa hiyo jambo linaloitia dunia hofu, na kwa haki, ni chini ya sehemu moja ya mia ya kile kinachoingia na kutoka kila mwaka. Mfanyabiashara wa soko la Kisangani anayeandika salio peke yake kila mwisho wa mwezi, bila kuandika alichouza na alichonunua, akiona salio limeshuka hawezi kujua kama wateja wamepungua au bei ya mzigo imepanda. Ramani ya barafu inayoonyesha salio tu iko hivyo hivyo. Inatuambia barafu imepungua mahali fulani. Haituambii kama imeyeyuka zaidi au imeganda kidogo, na hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Kuna pia jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau: barafu husafiri. Mnorwe Fridtjof Nansen alilitambua hilo kabla ya setilaiti yoyote. Septemba 1893 aliiacha meli yake, Fram, inaswe na barafu kaskazini ya Siberia, kwa makusudi. Meli ilibebwa polepole kuvuka bahari ile na kutokea karibu na Svalbard mwaka 1896. Barafu inayozaliwa upande wa Siberia hutoka kwa mlango uleule, kati ya Greenland na Svalbard, na kuyeyukia mbali sana na ilikozaliwa. Mtu akichukua ramani ya unene wa leo, akatoa unene wa mwezi uliopita, kisha akaandika juu yake "kuyeyuka", amechanganya kilichoyeyuka na kilichohama. Ndiyo maana wanaounda modeli za bahari hutenga kila njia: kuganda kwa chini, theluji kugeuka barafu, kuyeyuka kwa juu kutokana na jua, kuyeyuka kwa chini kutokana na joto la maji, na kusukumwa na upepo na mikondo. Kila njia hupata ramani yake, kwa kipimo kimoja, kwa mfano sentimita kwa siku.

Mfano unaonivutia kuliko yote uko Antaktika, kwenye Bahari ya Ross. Upepo mkali unaoteremka kutoka barani huisukuma barafu changa mbali na pwani mara tu inapozaliwa. Maji hubaki wazi, baridi huyapiga, barafu nyingine huzaliwa, nayo husukumwa. Ukitazama ramani ya unene utaona mahali pale pana barafu kidogo mno. Ukitazama ramani ya uzalishaji, palepale ndipo barafu inapozalishwa kwa wingi kuliko karibu mahali pengine popote. Chumvi inayoachwa na barafu hiyo huyafanya maji kuwa mazito, yakazama hadi sakafu ya bahari na kusambaa duniani. Aliyechora unene pekee angepita mahali hapo bila kugundua kitu.

Nije kwenye kazi ya mikono, kwa ajili ya wanafunzi walio na kompyuta. Ramani ya kuyeyuka na kuganda huhitaji rangi mbili zinazokutana kwenye nyeupe, na nyeupe hiyo ikae pale penye sifuri. Programu nyingi, zikiachiwa zijiamulie, hunyoosha rangi kutoka namba ndogo kabisa hadi kubwa kabisa. Tuseme kuyeyuka kumefika sentimita 8 kwa siku, na kuganda 2. Katikati ya hapo ni kuyeyuka sentimita 3. Nyeupe itaangukia hapo, na mahali panapoyeyuka sentimita 1 kwa siku patapakwa rangi ya kuganda! Hakuna aliyedanganya, hakuna namba iliyoghushiwa, lakini msomaji ametoka na habari iliyo kinyume cha kweli. Dawa yake ni kuandika mipaka kwa mkono, hasi 8 na chanya 8. Na tuachane na rangi zote za upinde wa mvua, maana jicho huona mpaka mkali kati ya njano na kijani hata pale ambapo namba zinapanda taratibu.

Ukubwa wa miraba nao ni uamuzi. Rekodi ndefu ya barafu, iliyoanza mwishoni mwa 1978, hutumia miraba ya kilometa 25 kwa 25, na mraba wenye barafu asilimia 15 au zaidi huhesabiwa wote kuwa una barafu. Kwa bahari kubwa inatosha. Lakini tunayo barafu yetu, kule Ruwenzori kwenye mpaka na Uganda: ilikuwa kilometa za mraba 6.5 hivi mwaka 1906, na kufika 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Barafu hiyo yote, hata ile ya 1906, ingemezwa na mraba mmoja wa kilometa 625 za mraba bila kufika hata asilimia 2. Ramani ingesema haipo.

Halafu kuna pengo. Mahali ambapo hapakupimwa si mahali penye sifuri, na rangi moja isitumike kwa yote mawili. Barafu hupimwa kwa mawimbi ya maikro kwa sababu hupenya mawingu na giza. Sisi wa Tshopo, kwa miaka mingi tulitegemea picha za setilaiti za Landsat, ambazo wingu huziba, na wingu letu mnalijua. Tangu 2014 rada ya Sentinel-1 inapita juu ya mawingu hayo na kuona. Picha za miaka ya nyuma, hata hivyo, zimebaki na mapengo, na katika ramani nyingi mapengo hayo yamepakwa rangi ya msitu uliotulia.

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Ramani ya misitu ya dunia iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 2013, yenye miraba ya mita 30, imekuwa msingi wa mazungumzo mengi kuhusu msitu wa Kongo. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini ilionyesha upotevu mwaka kwa mwaka, huku ongezeko ikilionyesha mara moja tu kwa kipindi chote cha 2000 hadi 2012. Vitu hivyo viwili haviwezi kutolewa kimoja kutoka kwa kingine, na bado vimetolewa mara nyingi. Utafiti uliofuata wa mwaka 2018 uliona kwamba asilimia 84 ya uharibifu wa msitu katika Bonde la Kongo kati ya 2000 na 2014 ulitokana na mashamba madogo yanayolimwa bila mashine. Mkulima wa hapa hukata, hulima mihogo na mpunga, kisha huliacha shamba lipumzike, na mti wa kombokombo huota. Kukata huonekana upesi kutoka angani. Kuota kunachukua miaka, na ramani haikupewa rangi ya kuonyesha kuota huko mwaka kwa mwaka. Mkulima huyo ameandikwa alichotoa, hajaandikwa alichorudisha.

Yangambi ina vya kutosha kurekebisha hilo. Utafiti umefanywa hapa tangu taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC ilipoundwa mwaka 1933. Kuanzia 1937 hadi 1958 miti karibu 2,000 ilifuatiliwa kila juma: lini imechanua, lini imezaa, lini imepukutisha majani. Leo ndani ya hifadhi ya Yangambi umesimama mnara wa CongoFlux wenye mita 55, ukipima kaboni dayoksaidi inayoingia na kutoka msituni. Namba ya kwanza ya mnara ule nayo ni salio. Kazi ya mtafiti ni kulitenga: majani yamevuta kiasi gani, udongo na miti vimetoa kiasi gani. Na usiku hewa ikitulia gesi hulala chini ya dari la msitu mnara usiione, hivyo saa hizo lazima ziandikwe kuwa pengo, zisifanywe sifuri.

Napendekeza basi tuchore hapa, kwa mikono yetu, ramani ya mashamba na msitu kandokando ya hifadhi, yenye karatasi tatu zilizotengana: kilichokatwa kila mwaka, kinachoota, na kisichoonekana. Ya kwanza setilaiti zinaweza kutupa. Ya tatu ni uaminifu tu. Ya pili ndiyo ngumu. FAO huhitaji miti inayoweza kufika mita 5 ili mahali paitwe msitu. Kombokombo huzivuka mita hizo ndani ya miaka michache, wakati mti wa limbali hukua taratibu mno kivulini. Urefu pekee utatupotosha, kwa hiyo tuandike umri: shamba liliachwa mwaka gani. Mwaka huo haumo kwenye picha yoyote ya zamani iliyozibwa na wingu. Wanaujua akina mama na wazee waliolilima, na wanafunzi wa kilimo wanaweza kuanza kuwauliza msimu huu, shamba kwa shamba, wakiwa na simu ya kurekodia shamba liko wapi na daftari la kuandikia majibu.