Hita ya Maji Isiyo na Tundu la Kupumulia: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Baada ya Kuifunga

(Nakala ya mazungumzo kwa watumiaji wa nishati majumbani)



Hita za maji ya kuoga zimeenea katika nyumba zetu, nyumba za wageni na zahanati. Nyingi ni tangi la chuma lililofungwa pande zote, ambalo maji yake hayana njia ya kupumua hewani. Nawaomba leo tuelewe kinachotendeka ndani ya tangi hilo, kwa kuwa anayeelewa hadanganywi na fundi asiye mwaminifu.

Maji yakipashwa joto hutanuka. Lita 50 zilizotoka nyuzijoto 25 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya nusu lita. Kwa kuwa bomba la kuingiza maji huwa na vali isiyoruhusu maji kurudi nyuma, ongezeko hilo hukosa pa kwenda, na shinikizo hupanda. Ndipo vali ya usalama hufunguka kidogo na kudondosha maji. Matone hayo wakati hita inapasha moto si hitilafu. Ni kazi ya vali hiyo.

Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka. Mwenye nyumba huona sakafu imelowa, humwita fundi, na fundi huziba tundu la vali kwa kizibo. Matone hukoma na kila mtu huridhika. Kumbe kilichozibwa ni mlango wa mwisho wa kutokea hatari.

Hita iliyo salama hulindwa kwa hatua tatu. Ya kwanza ni thamostati, inayokata umeme maji yanapofikia joto lililowekwa. Ya pili ni kikata joto, kinachozima hita thamostati inapokwama. Ya tatu ni vali ya usalama. Zote tatu zikishindwa, maji huendelea kupata moto kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu ya shinikizo. Tangi likipasuka, shinikizo huanguka ghafla na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo huhitaji nafasi kubwa mara 1,600 hivi kuliko maji yaliyouzaa. Mnamo Januari 1982, hita ya maji ililipuka katika shule ya msingi Star, mjini Spencer, jimbo la Oklahoma, Marekani. Watoto sita na mwalimu mmoja walipoteza maisha.

Kwa hiyo, unapofunga hita, zingatia haya:

Kwanza, mtumie fundi umeme mwenye leseni. Kwa Tanzania Bara, leseni hiyo hutolewa na EWURA. Mwombe akuoneshe. Hita iwe na waya wa eathi na sakiti breka yake yenyewe.

Pili, chagua ukuta imara. Lita 100 za maji ni kilo 100, bado uzito wa tangi. Ukuta wa mbao nyembamba au jipsamu haufai.

Tatu, kati ya tangi na vali ya usalama pasiwekwe koki yoyote. Bomba la kutolea maji ya vali liwe la chuma, literemke moja kwa moja, na mdomo wake ubaki wazi mahali unapouona, pasipopita mtoto.

Nne, ulizia vali inayofunguka kwa shinikizo na kwa joto pia, si kwa shinikizo pekee.

Tano, usiwashe umeme kabla ya tangi kujaa. Fungua bomba la maji ya moto hadi maji yatoke mfululizo bila hewa. Elementi inayowaka bila maji huungua.

Kuhusu joto, nyuzi 60 tangini huzuia bakteria wa lejionela kuzaliana, lakini maji ya nyuzi hizo huweza kuunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na ya mtoto mapema zaidi. Dawa yake ni vali ya kuchanganyia maji karibu na bafu. Pasipokuwa nayo, anza kufungulia maji baridi.

Je, dalili za hatari ni zipi? Bomba la maji ya moto likitoa mvuke, tangi likinguruma, au vali ikimwaga maji ya moto bila kukoma, zima umeme kwenye swichi kuu. Usifunge maji baridi yanayoingia, maana ndiyo yanayolipoza tangi. Ondoa watu karibu nalo, kisha umwite fundi. Na vali ikidondosha maji hata hita ikiwa baridi, huenda ina uchafu au shinikizo la pampu ni kubwa mno: irekebishwe au ibadilishwe, isizibwe kamwe.

Ndugu zangu, mkirudi nyumbani leo, itazameni vali ya hita yenu. Mkikuta imezibwa, izimeni hita hiyo kabla ya mtu mwingine kuoga.