Muhuri Uliofunga Maneno



Leo nina neno na watu wa ofisini: watendaji wa kata na mitaa, walimu wakuu, makatibu wa vyama. Wenye steshenari nao wasisogee mbali na redio, maana nusu ya kazi hii inapita mikononi mwao.

Tangazo huchapwa kwenye kompyuta, herufi kwa herufi. Kisha linatolewa kwenye karatasi, linasainiwa, linagongwa muhuri, linapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Anayeona anasoma. Asiyeona, mwenye simu inayomsomea kwa sauti kwa programu ya TalkBack, anaambiwa tu kwamba hapo pana picha. Picha ya nini? Mkutano wa wazazi? Mbolea ya ruzuku? Chanjo? Itabidi aombe wa kumsomea, na barua yenyewe ikiwa ya deni au ya hospitali, siri yake imekwisha. Kinachoniudhi ni kwamba maneno yalikuwepo. Tumeyachapa wenyewe, kisha tukayageuza picha.

Na mkoa wetu wa Tanga hauwezi kusema wasioona ni wageni kwake. Shule ya wasioona ya Irente, kule Lushoto, ilianza 1963. Sekondari ya Wasichana Korogwe imesomesha wasichana wasioona. Wanafunzi wa zamani wa shule hizo leo ni watu wazima, na mwenye kompyuta miongoni mwao anaweza kuweka NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa 2006 na kijana wa Australia, mwenyewe asiyeona.

Kwa vitabu, mataifa yalikubaliana mjini Marrakesh mwaka 2013 kwamba kitabu kinaweza kutolewa kwa nukta nundu au kwa sauti kwa ajili ya wasioona bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Tanzania ikajiunga 2020. Tangazo la kata halina hata hakimiliki ya kugombania. Kufuli hili tumelifunga sisi.

Najua mtanijibu: bila muhuri, tangazo litaghushiwa. Sawa, tumeni lenye muhuri, na chini yake bandikeni maneno yale yale. Programu za kusoma picha zipo, ila nyingine zinakula bando, na zikikuta jedwali la ada, au muhuri uliokaa juu ya tarehe, zinababaika.

Waraka ukiwa mrefu, tumeni sofkopi, yaani faili lenyewe. Vichwa viwekwe kwa mtindo wa vichwa uliomo kwenye Word, si kukoleza wino tu, ili msomaji aweze kuruka hadi sehemu anayoitaka badala ya kusikiliza kurasa arobaini tangu mwanzo. Ramani na picha ziandikiwe maelezo.

Kujipima ni rahisi. Fungua faili lako kwenye simu, shikilia kidole juu ya neno. Likichagulika, kwa kawaida litasomeka. Likigoma, rudi steshenari ukaombe faili la awali, kabla kijana wa pale hajalifuta.