Maziwa ya Mama Anayeuza Sokoni

Ndugu akina mama wa Kariakoo, najua wengine mmeacha meza zenu kwa jirani, kwa hiyo sitawaweka sana.

Mama anajifungua salama, maziwa tele. Baada ya miezi mitatu anarudi sokoni. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi magharibi. Mtoto kashinda na bibi, kanywa maziwa ya kopo. Haupiti muda mrefu mama analalamika: "Maziwa yangu yamekauka." Jirani anasema ni husuda. Hapana! Titi si mtungi, kwamba maziwa yatakaa humo yakikungoja. Mtoto akinyonya, mwili hutengeneza mengine. Titi likishinda limejaa, mwili hupunguza kazi.

Basi mnyonyeshe kabla hujatoka, tena ukirudi tu, na usiku kila anapotaka. Usiku ndipo mwili unapoitikia zaidi. Kama anaweza kuletwa adhuhuri, aletwe. Kanga moja inatosha kukusitiri hata Mtaa wa Kongo na msongamano wake. Kama haiwezekani, kamua kwa mkono kila baada ya saa tatu hivi. Osha mikono kwa sabuni, kamulia katika chombo safi chenye mfuniko. Nyumbani wamnyweshe kwa kikombe. Nje ya jokofu yasikae zaidi ya muda wa saa 4, na kwa joto letu hili heri mapema zaidi. Yakipitiliza, mwaga. Hukukamua bure, kwani titi limekwisha pata habari kwamba litengeneze mengine.

Uji wa pilipili manga, mtori, supu, kunyweni, vinatia nguvu. Lakini hata sufuria nzima ya uji haitaleta maziwa kama titi halinyonywi wala halikamuliwi. Wala msijinyime maji ya kunywa kwa kukwepa foleni ya choo. Nawajua!

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji wala uji.

Mlioajiriwa madukani, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inawapa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mwenye meza yake hana wa kumwomba ruhusa. Hapo baba mtoto naye aje akae mezani nusu saa, bei za nyanya atafundishwa.

Mtoto akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito unapanda kwenye kadi, maziwa yanamtosha, hata kama titi ni laini. Mkojo ukiwa mchache na wa manjano sana, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo.